Jogoo anayekuvizia mlangoni

Nina kovu kwenye muundi wa kulia, refu kama punje mbili za mahindi zilizopangwa. Zamani nikiulizwa na wageni nilisema nilijikwaa kwenye jiwe. Ukweli ni kwamba nilipigwa na jogoo wangu mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa na ndoo ya pumba mkononi, nikakimbilia jikoni kandambili moja ikibaki uani. Majirani waliokuwa wanachota maji walicheka mpaka wakaweka ndoo chini.

Tulimwita Mwenyekiti. Alikuwa kuchi, wale kuku warefu wenye shingo ndefu na kifua wazi ambao watu huwafuata mpaka Shinyanga kutafuta mbegu. Kuchi ana sifa ya ugomvi tangu zamani, lakini sitaki kuisingizia mbegu yake. Ukali wa Mwenyekiti tuliufuga sisi wenyewe, kwa upendo kabisa. Kati ya vifaranga tisa, wanane walichukuliwa na mwewe na maradhi, akabaki yeye. Watoto wakamfanya mdoli wao. Alikula ugali kiganjani, alilala kwenye boksi karibu na jiko, alipandishwa begani na kupigwa picha. Kifaranga anayekua hivyo hajui kwamba binadamu ni kiumbe wa kupishwa. Anamwona kama kuku mwenzake mkubwa asiye na manyoya.

Alipofika miezi mitano, umri ambao pora, yaani jogoo mchanga, anaanza kujifunza kuwika kwa sauti iliyopasuka, alianza mchezo mpya. Akikuona anakuja ubavuubavu, anashusha bawa moja mpaka linaburuza chini, anakwangua mchanga na kuzunguka miguu yako. Tulisema anacheza ngoma, mwanangu mkubwa akamrekodi kwa simu.

Ile si ngoma. Jogoo akimfanyia mtetea, anamtongoza. Akimfanyia jogoo mwenzake, anamwuliza: nani mkubwa hapa? Na akikufanyia wewe, anasubiri jibu. Ukirudi nyuma, ukiruka pembeni au ukicheka na kumpisha, umeshajibu. Baada ya ngoma inafuata kudonoa kandambili, halafu kudonoa kisigino ukiwa umempa mgongo, halafu siku moja anaruka na miguu yote miwili mbele. Kinachoumiza zaidi ni ule mwiba ulio nyuma ya mguu, unaoitwa kipi. Kwa pora ni kama kifungo tu cha shati, ila kila mwaka unaongezeka na kuchongoka.

Baba watoto alichukua njia ya wanaume wengi: teke. Siku ya kwanza Mwenyekiti alirushwa mpaka kwenye mgomba, akajikung'uta, akarudi. Siku ya pili akapigwa na fagio, akarudi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwa jogoo, teke ni mwaliko. Majogoo wawili wakikutana wanarushiana miguu mpaka mmoja ainamishe kichwa na kuondoka. Wewe unampiga teke moja halafu unageuka kwenda zako kazini. Kwa hesabu yake aliyeondoka ni wewe, kwa hiyo kashinda, na kesho atakusubiri mlangoni kukukumbusha.

Mama yangu alikuja kutusalimia kutoka Singida, ambako kuku wa kienyeji ni biashara ya kila nyumba. Alinikuta naingia bandani na mwavuli nikiwa nimeutanguliza kama ngao. "Mwanangu, unapigana na kuku?" Akakaza kanga kiunoni, akaingia bila fimbo. Mwenyekiti akanyanyua manyoya ya shingo. Mama hakusimama wala hakuongeza mwendo. Alimwendea moja kwa moja, polepole, kama mtu anayekwenda kuchukua kitu kilicho nyuma ya yule jogoo. Jogoo akaruka mara moja, akagonga beseni ambalo mama alikuwa amelishika mbele ya magoti. Mama akaendelea kutembea. Kila alikokwenda jogoo, mama nyuma yake, mpaka alipoacha kumtazama, akaanza kudonoadonoa majani kama mtu anayejifanya anatafuta sindano. Hapo ndipo mama aliposimama, akahesabu pumzi chache, akatoka bila haraka.

Usiku akanionyesha sehemu ya pili. Kuku haoni vizuri gizani, na jogoo aliyeko kwenye fito ya kulalia ni mpole kama mto. Unamchukua kwa mikono miwili ukiyabana mabawa, unamweka kwapani, miguu yake ukiishika kati ya vidole, kichwa kikitazama nyuma. Siku mbili za kwanza nilifanya hivyo usiku tu, nizoee mimi. Kisha nikawa namshika asubuhi mbele ya mitetea yake, natembea naye uani nikifanya kazi zangu kwa mkono mmoja. Siri iko kwenye kumshusha: usimwachie akiwa anafurukuta, maana atajifunza kwamba kufurukuta kunafungua mlango. Ngoja alegee, shingo ishuke, ndipo umweke chini.

Wako wanaomning'iniza kichwa chini ili anyamaze. Ananyamaza kweli, lakini kuku hana kiwambo kama chetu kinachotenganisha kifua na tumbo. Ukimgeuza, uzito wa matumbo unalalia mifuko yake ya hewa. Ule si utulivu, anahangaika kupumua.

Baada ya wiki mbili Mwenyekiti alikuwa ananipisha njia. Katika wiki hizo nilijifunza kumtazama, na nakiri nilianza kumheshimu. Jogoo ana kazi. Wakati mitetea imeinamisha vichwa inakula, yeye ana jicho moja juu. Akiona mwewe hutoa mlio mmoja, akiona paka au kicheche hutoa mwingine, na mitetea inajua tofauti: kwa ule wa kwanza inajibanza chini ya majani, kwa wa pili inasimama wima na kupiga kelele. Akipata mchwa huita kokokoko, anaokota na kuangusha, mara nyingi hali yeye. Kwa hiyo simlaumu anayelinda. Jogoo akikuchachamalia ukiwa umemshika mtetea anayelia, huyo anatimiza wajibu. Ninayemzungumzia ni yule anayekufuata ukiwa unaanika nguo.

Kabla hujamhukumu, tazama pia ulivyompangia maisha. Sisi tulikuwa na majogoo watatu kwa mitetea kumi na moja. Jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10. Wakizidi wanakesha kwenye ubishi, na ubishi unamwagika hadi kwako. Kama unafuga kwa ajili ya mayai ya kula tu, humhitaji hata mmoja, kuku anataga bila jogoo. Mkague na utitiri, kwani mwenye maumivu hana subira. Na kama amekuvaa siku uliyovaa kanga mpya yenye kupepea au kubeba kitu kigeni kwake, huenda ni hofu tu.

Kile kipi cha mguuni unaweza kukipunguza makali kwa tupa, ncha tu, kama unavyosaga kucha. Usikikate shinani. Ndani kuna mfupa na damu.

Sasa watoto, na hapa sina mzaha. Mtoto wa miaka minne uso wake uko pale pale miguu ya jogoo inapofika akiruka. Mimi Mwenyekiti aliniheshimu, mama alimheshimu, baba watoto walifikia mapatano. Kitinda mimba wetu hakumheshimu hata siku moja. Kila mtu bandani anahesabiwa peke yake, ushindi wangu haukumrithisha mwanangu. Alasiri moja nilisikia yowe. Alikuwa amechanwa chini ya jicho, upana wa kidole tu kutoka kwenye mboni.

Niliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, nikampeleka zahanati, akachomwa sindano ya pepopunda. Fanyeni hivyo hata kama jeraha ni dogo, maana mdomo na kucha za kuku zinashinda kwenye kinyesi na udongo. Likiwa la jicho, usilale nalo. Na wazee wenye mishipa iliyovimba miguuni nao wasiokote mayai palipo na jogoo mkorofi. Mwaka 2019 madaktari wa Australia waliandika habari za bibi wa miaka 76 aliyedonolewa na jogoo kwenye mshipa wa aina hiyo akiokota mayai, akavuja damu mpaka akafariki. Nilipoisoma niliacha kuwadanganya wageni kuhusu lile jiwe.

Jirani alitaka kumnunua kwa ajili ya mbegu, alikuwa na bei nzuri. Nilimweleza yote, akasema yeye atamweza. Nikamwuliza ana watoto wangapi. Sikumuuza. Na mayai yake nilikuwa nimeshaacha kuyaatamisha, kwa sababu ukali unatembea kwenye damu, ukimlalishia mtetea mayai ya mgomvi unajipangia mwaka mwingine wa kutembea na mwavuli. Jumapili alikuwa supu, ngumu kweli, ilikaa jikoni tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mkubwa wangu alikataa kuinywa. Sikumlazimisha, ndiye aliyemlea kwenye boksi.

Jogoo wa sasa nilimchagua kati ya mapora wanne kwa kuingia na ndoo na kusimama. Mmoja alikimbia hadi ukutani, wawili walinijia viatuni. Wa nne alipiga hatua tatu pembeni, akaniangalia kwa jicho moja, akaendelea kula. Ndiye huyo. Watoto hawamlishi kiganjani, wanatupa mtama chini na kusimama mbali. Mwaka wa pili huu hajamgusa mtu, nami bado naingia na beseni mkono wa kushoto.