Pa kulala mkitoka Kigoma kwenda Mahale kwa mtumbwi

Ndugu, umeuliza mtajuaje ufukwe unaofaa kupiga kambi mkipiga kasia Ziwa Tanganyika hadi Hifadhi ya Mahale. Chagueni ghuba kwenye picha za satelaiti kabla ya safari, na mfike saa kumi jioni, mwanga ukiwapo. Mimi huanza na mchanga: nyayo pana za vidole vinne na nyasi zilizolazwa kuelekea majini ni njia ya kiboko. Ondokeni hapo, hata kama mmechoka. Mlangoni mwa mto Malagarasi msilale kabisa, kuna mamba. Mwalo wa wavuvi wenye vichanja vya kuanikia dagaa ni salama zaidi. Mwombeni mwenyekiti wa kijiji ruhusa. Kiangazi upepo wa kusi huchafua ziwa, hivyo jificheni nyuma ya rasi. Ndani ya hifadhi, pateni kwanza kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Na nawasihi, mchukueni mvuvi mwenyeji.