Tairi lisilotumia tyubu limepasuka ubavuni: nizibe au ninunue jingine?

SWALI: Baiskeli yangu ya milimani ina matairi ya inchi 29 yasiyotumia tyubu. Nilipokuwa nikishuka kwenye mawe ya matumbawe nyuma ya Mikindani, tairi la nyuma lilipasuka ubavuni kiasi cha upana wa kidole gumba, na ile gundi ya maji ya ndani, inayoziba matundu, ikamwagika yote. Fundi mmoja anataka kulishona kwa mshipi wa kuvulia samaki. Mwingine anasema ninunue tairi la inchi 28, kwa kuwa la 29 halipatikani hapa. Nimsikilize nani?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Huyo wa pili usimsikilize kabisa. Tairi la inchi 28 la baiskeli zetu za kubebea magunia ya korosho, ingawa namba yake ni ndogo, ni kubwa kuliko lako: limetengenezwa kwa ringi ya milimita 635, ilhali yako ni ya milimita 622, hivyo litapwaya na halitakamata upepo. Soma tarakimu zilizochapwa ubavuni, kwa mfano 57-622. Ya kwanza ni upana, ambao waweza kupungua au kuongezeka kidogo; ya pili haina mjadala.

Fundi wa mshipi ana hoja, ila kazi yake ni ya kukufikisha nyumbani. Tundu la mwiba kwenye kashata, lisilozidi milimita tano hivi, huzibwa kwa utambi wa mpira na tairi likaendelea kutumika hadi kashata ziishe. Ubavu ni mwembamba na hujikunja kila gurudumu linapozunguka, kwa hiyo nyuzi za kitambaa zilizomo ndani ya mpira zikishakatika, kiraka hakizirudishii nguvu. Geuza tairi, lioshe, kisha likunje penye jeraha: ukiona nyuzi zimekatika, au palikuwa pakivimba ulipojaza upepo, nunua jingine. Kwa ukubwa wa mpasuko unaoueleza, sitarajii kwamba nyuzi zimepona.

Wakati unasubiri tairi jipya kutoka Dar es Salaam, fungua valvu iliyo kwenye ringi uitoe, tia tyubu ya inchi 29, na upande wa ndani wa mpasuko weka kipande cha tairi kuukuu au cha tyubu ya dawa ya meno. Kabla ya hapo pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, maana miiba ambayo gundi ilikuwa ikiifichia siri itaitoboa tyubu hiyo siku hiyo hiyo.

Tairi jipya likifika, paka kingo zake maji ya sabuni, kisha ujaze upepo kwa mashine ya mafundi wa bodaboda, bila kuvuka kipimo kilichoandikwa kwenye tairi, mpaka usikie kingo zikilia na kukaa kwenye ringi. Gundi ya takriban mililita 100 inatosha, lakini kwa joto la pwani ikague kila baada ya miezi miwili, kwa sababu hukauka.