Ndoo ya kisimani na neno "nguvu": kwa mnaoanza maswali ya kani na mwendo

Wadogo zangu, swali lililonifundisha mada hii nililikosa kwenye mtihani wa majaribio. Ndoo ya maji yenye tungamo (kiasi cha maada, "mass" kwenye karatasi) la kilo 12 inavutwa kwa kamba kutoka kisimani, inapanda kwa kasi isiyobadilika. Mvutano wa kamba, yaani kani ("force", msukumo au mvuto) ambayo kamba inaivutia ndoo, ni niutoni ngapi? Nilijua uzito wake ni niutoni 120, kwa kuwa karatasi ilisema tuchukue 10 kwa kila kilo. Ila moyoni nikaona haiwezekani mkono uvute kwa 120 tu. Si lazima uushinde uzito ndipo ndoo ipande? Nikaongeza kidogo juu yake. Jibu lilikuwa 120 kamili.

Siku hizi nakaa jioni na wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu, na wengi wanaanguka palepale nilipoanguka. Hawashindwi hesabu. Wanaamini kwamba kitu kinachokwenda lazima kiwe na kani inayokisukuma upande kinakoelekea. Newton alichapisha kanuni zake mwaka 1687, na ya kwanza inasema vingine: kani zikisawazishana, kitu kilichotulia kinaendelea kutulia, na kinachokwenda kinaendelea kwenda kwa kasi ileile, kwenye mstari ulionyooka. Kani isiyosawazishwa inahitajika kubadilisha mwendo. Kuuendeleza mwendo uliopo hakuhitaji kani ya ziada.

Rudini kwenye ndoo, maana humo mna maswali matatu. Ikipanda kwa kasi isiyobadilika, kamba ina niutoni 120. Ukiichapusha kwenda juu, yaani ukiiongezea kasi, kwa 0.5 m/s², unahitaji kani ya ziada ya 12 mara 0.5, yaani niutoni 6, hivyo kamba ina 126. Halafu ndoo inakaribia mdomo wa kisima, unaanza kuipunguzia kasi kwa 0.5 m/s². Bado inapanda, lakini sasa kamba ina niutoni 114, pungufu ya uzito wenyewe! Mwanafunzi anayeweza kunieleza hiyo 114 bila kutazama daftari, simwulizi tena kuhusu kanuni ya pili ya Newton: kani isiyosawazishwa ni tungamo mara mchapuko (kiasi ambacho kasi inabadilika kila sekunde).

Nadhani sehemu ya tatizo inatoka kwenye lugha yetu. Karatasi ya mtihani ni ya Kiingereza, lakini kichwani tunafikiri kwa Kiswahili, na Kiswahili cha mtaani kina neno moja linalobeba mizigo mingi: nguvu. Gari lina nguvu, betri imeisha nguvu, mpira umepigwa kwa nguvu, kijana ana nguvu. Kwenye fizikia hizo zinaweza kuwa kani, nishati, nishati inayotumika kwa kila sekunde, au tungamo mara kasi. Mpira uliorushwa juu ukishaachana na mkono haubebi "nguvu ya mkono" ndani yake. Ukipuuza upinzani wa hewa, unabaki na kani moja tu, uzito wake, ukielekea chini. Hata pale juu kabisa, kasi yake ikiwa sifuri, mchapuko ni uleule wa 10 m/s² kwenda chini. Nimeona michoro mingi yenye mshale wa mkono kwenye mpira ulio angani. Kabla ya kuchora mshale wowote, jiulize: kani hii inatoka kwa nani? Ukikosa wa kumtaja, usiuchore.

Neno "uzito" nalo lina mtego wake. Sokoni tunasema uzito wa kilo 50 na tunaelewana. Kwenye karatasi, kilo 50 ni tungamo. Uzito ni niutoni 500.

Kwa hiyo zoea kuchora kwanza, fomula baadaye. Kisanduku kimoja, mishale yote inayokigusa, upande upi ni chanya. Mimi sikufanya hivyo kwenye swali la ndoo. Ningechora mishale miwili na kusoma tena "kasi isiyobadilika", ningeona lazima iwe na urefu sawa. Maneno kama hayo ni namba zilizofichwa. "Inaanza kutoka kwenye utulivu" maana yake kasi ya mwanzo ni sifuri, na uso ukiitwa "laini" ujue hakuna msuguano.

Vipimo navyo vinamaliza alama kimyakimya. Gari la kilo 1,500 linakwenda kilomita 72 kwa saa, linafunga breki na kusimama ndani ya sekunde 4. Anayegawa 72 kwa 4 anapata 18, kisha kani ya niutoni 27,000. Hapo simama. Gari lenyewe lina uzito wa niutoni 15,000; barabara ya kawaida itatoa wapi msuguano unaokaribia mara mbili ya uzito huo? Kilomita 72 kwa saa ni mita 20 kwa sekunde, kasi inapungua kwa 5 m/s², na kani ni niutoni 7,500 kuelekea nyuma. Gari linasimama baada ya mita 40. Lingekuwa kwenye kilomita 36 kwa saa, kwa breki ileile, lingesimama ndani ya mita 10. Nusu ya kasi, robo ya umbali. Wanafunzi wanaporudi nyumbani kwa daladala huwa nawaambia waikumbuke hesabu hiyo.

Abiria wa daladala hiyohiyo akiinama mbele breki zinapofungwa, msiandike kwamba kuna kani iliyomsukuma mbele. Mwili wake unaendelea na kasi aliyokuwa nayo, huku sakafu ikiwa imeshaipunguza kasi ya miguu yake.