Mimea ya Mbele ya Tangi: Panda Inayokubali Maji ya Unguja

Wengi wanaoniuliza habari za tangi la samaki wameshaziona zile picha: samaki juu, na chini majani mafupi ya kijani yameenea sakafu nzima hadi kwenye kioo cha mbele. Aliyezieneza sana duniani ni Mjapani Takashi Amano, aliyefariki mwaka 2015, na mmoja wa mimea aliyoipatia umaarufu ni Glossostigma elatinoides, wenye asili ya Australia na New Zealand. Ni mmea mzuri kweli. Lakini kama unaishi Unguja na ndiyo kwanza unaanza, nakunasihi usianze nao.

Tatizo ni maji yetu, na juu yake joto. Sehemu kubwa ya kisiwa hiki imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima hupita humo yakabeba chokaa. Tazama ndani ya birika unalochemshia maji ya chai: ule ukoko mweupe ndio ushahidi. Kisha inakuja kaskazi, na tangi lililo ndani ya nyumba ya mabati hufika nyuzi 30 na kupita. Glossostigma hupendelea maji yaliyopoa zaidi ya hapo, na huhitaji hewa ya ukaa nyingi. Maji ya moto hushika hewa hiyo kidogo kuliko maji ya baridi. Kwa hiyo utalazimika kununua mtungi wa gesi hiyo, kuweka feni juu ya tangi, na kuomba umeme usikatike. Wapo wanaotumia chupa ya hamira na sukari badala ya mtungi. Gesi hutoka, ila joto likipanda hutoka kwa kasi na sukari huisha mapema, kwa hiyo huwezi kuitegemea.

Mmea ninaoupanda mimi, na ninaompa kila anayeanza, ni Sagittaria subulata. Kwao ni mwambao wa mashariki wa Marekani na sehemu za Amerika ya Kusini, kwenye maji yanayopanda na kushuka, mengine yana chumvi kidogo. Ndiyo maana chokaa yetu haiutishi, wala hauhitaji gesi. Majani yake ni membamba, na mizizi yake hutoa vitawi vinavyotambaa chini ya mchanga kama ukoka, kila kitawi kikaibua mche mpya. Ubaya wake ni mmoja: taa ikiwa hafifu, majani hurefuka. Hayo marefu yang'oe kuanzia chini, usiyakate nusu, maana lililokatwa huoza pale lilipokatwa.

Ukitaka wa pili, chukua Cryptocoryne wendtii wa Sri Lanka, ule mfupi. Huo nao huvumilia maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi. Eleocharis, ule wenye majani mfano wa nywele, ni wa ukoo mmoja na ndago, lakini kwenye tangi hauna ukaidi wa ndago ya shambani. Hukua taratibu na hunasa uchafu.

Sasa mchanga, na hapa ndipo ninapoomba usikilize vizuri. Mchanga mweupe wa pwani usiutie. Ni vumbi la matumbawe na magamba, na kila siku huongeza chokaa kwenye maji ambayo tayari yamejaa chokaa. Kuupima ni rahisi: chukua kiganja kimoja cha mchanga mkavu, mimina siki au kamulia ndimu. Ukitoa povu, uache. Tafuta mchanga wa ndani usiotoa povu, chembe zake ziwe za milimita moja mpaka tatu, uoshe hadi maji yatoke safi, uutandaze kina cha sentimita 5 au zaidi. Chini yake mimi huweka udongo wa kinamo uliokauka, nimeufinyanga vidonge vidogo. Mizizi huutafuta yenyewe.

Usitie mbolea ya shamba, hasa urea. Urea ikiingia majini hugeuka amonia, na maji yenye chokaa na joto huifanya amonia kuwa sumu kali zaidi kwa samaki kuliko ingekuwa kwenye maji laini ya baridi. Mtu akikwambia kidogo tu haidhuru, mwambie anazungumzia maji ya kwao.

Kupanda kwenyewe ni kazi ya kibano na subira. Punguza mizizi ibaki sentimita mbili hivi, zika mche mmoja mmoja, na pale majani yanapoanzia pabaki juu ya mchanga. Ukipazika, mche unaoza. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya mche na mche. Kisha majani yataanza kuyeyuka, na hapo ndipo watu hukata tamaa. Mimea mingi ya dukani hulelewa nje ya maji, na ikizamishwa huyaacha majani ya hewani na kuota ya majini. Cryptocoryne ndiyo hasa huweza kubaki mizizi mitupu. Usiing'oe. Ondoa yaliyooza na usubiri.

Taa iwake kwa muda wa saa sita hadi nane tu kwa siku, zinatosha. Zikizidi, unaulisha ule utando wa kijani unaopaka vioo. Majani mapya yakitoka ya manjano huku ya zamani bado ni ya kijani, mara nyingi ni upungufu wa chuma, maana kwenye maji ya chokaa mmea hukipata kwa shida. Mbolea ya chuma ya matangi ndiyo dawa yake.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni maji yanayopungua kwa mvuke. Maji yakiondoka, chokaa inabaki. Ukijazia kwa maji ya kisima kila mara, unaongeza chokaa juu ya chokaa. Masika na vuli, kinga maji ya mvua kwenye pipa safi baada ya paa kuoshwa na mvua ya mwanzo, uyafunike mbu wasizalie, na hayo ndiyo yawe ya kujazia. Maji ya mfereji yakiwa na dawa ya klorini, yalaze usiku kwenye ndoo iliyo wazi.

Samaki nao wachague. Gapi na moli wanapenda maji haya haya na hawachimbi. Samaki wa dhahabu watakung'olea kila mche.

Sakafu ikishajaa utalazimika kupunguza miche. Usiimwage kwenye mto wala bwawa. Mmea wa kigeni ukizoea hapo hautoki. Ifunge kwenye gazeti bichi, itie ndani ya mfuko wa plastiki, umpe mwenzio anayeanza. Ikikaa kivulini itafika mizima hata akiwa Pemba.