Barua kwa mwanangu: kazi ya saisi wiki ya mashindano

Nyegezi, Mwanza

Mwanangu Nyamizi,

Marahaba. Barua yako tumeisoma mimi na mama yako, naye anakusalimu sana. Unasema kwamba, baada ya kumaliza stashahada yako ya afya ya mifugo pale Mabuki, umepewa mkataba wa usaisi, yaani kazi ya kutunza farasi, kwenye mabanda ya farasi nje kidogo ya Nairobi. Unauliza kwa nini watu wa huko wanaiogopa wiki ya mashindano kuliko kazi nyingine yoyote ya mwaka, ilhali farasi akiingia uwanjani kuruka vizuizi hutoka kabla hata dakika mbili hazijaisha. Kwa kuwa kazi hiyo niliifanya huko huko Kenya kabla hujazaliwa, nitakujibu kwa kirefu.

Kubeba maji, kuzoa samadi na kupakia hei, yaani majani makavu, umeshavizoea, na havitakushinda. Kinachomchosha saisi ni kwamba anatakiwa awe makini zaidi saa ile ile ambayo mwili wake umekwisha nguvu.

Siku huanza saa kumi alfajiri, pengine kabla ya hapo, na sababu kubwa ni tumbo la farasi. Si mnyama wa kucheua kama ng'ombe uliowasomea. Ana tumbo moja dogo, la lita 8 hadi 15 hivi, na hawezi kutapika. Ukimpa nafaka nyingi kwa mkupuo, au ukimtia kazini mara tu baada ya kula, unamkaribishia msokoto wa tumbo, ambao unaweza kumuua ndani ya siku moja. Kwa hiyo farasi wa kushindana saa mbili asubuhi lazima awe amekula mapema, tena kidogo. Na hapa usiyabebe ya Mabuki kama yalivyo: chakula cha ng'ombe kilichotiwa monensini, ile dawa inayochanganywa kwenye chakula cha mifugo, ni sumu kwa farasi hata kwa kiasi kidogo, kwa hiyo mfuko usioujua ulikotoka usiufungue.

Kisha kuna kusafisha na kusuka singa za shingoni, kifundo kwa kifundo, kwa sindano na uzi. Farasi mweupe atakuwa amelalia samadi usiku kucha, maana ndivyo walivyo, nawe utamwosha upya gizani.

Taabu yenyewe huanza ratiba inapovurugika. Mpandaji mmoja anaweza kuwa na farasi watatu katika viwanja viwili tofauti, na uwanja mmoja ukichelewa, hesabu zako zote zinaharibika. Utakuwa umemshika farasi aliyetoka kuruka, anatweta na jasho linamchuruzika, huku wa pili akisubiri kufungwa tandiko na lijamu, na mpandaji anakuita kwenye uwanja wa mazoezi ukampandishie nguzo za kizuizi. Hapo nako kuna kanuni: bendera nyekundu iwe kulia kwa mrukaji na nyeupe kushoto, na kizuizi kirukwe kwa upande huo mmoja tu.

Mashindano ya siku tatu, yenye mbio za nyikani katikati yake, ndiyo makali kuliko yote. Farasi aliyepumzika huwa na joto la karibu nyuzi 38 na mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika. Akitoka nyikani joto linaweza kupita nyuzi 40, nawe huna muda wa kukaa. Utafungua tandiko, utamwagia maji ya baridi mfululizo mwili mzima, utamtembeza, utampima, kisha utarudia mpaka pumzi na mapigo vishuke. Wazee wetu mabandani walikuwa wakikataza maji ya baridi, wakidai kwamba yanakaza misuli, lakini utafiti uliofanywa kabla ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996 ulionyesha kuwa hayamdhuru. Ukikutana na mzee wa namna hiyo, msikilize kwa adabu, kisha mwage maji.

Jioni, wengine wakiwa wameketi na soda zao, ndipo kazi ya thamani zaidi inapofanyika. Utapiga goti na kupitisha kiganja kwenye kila mguu, kuanzia gotini hadi juu ya kwato, ukiulinganisha wa kulia na wa kushoto. Ukihisi joto au uvimbe mdogo upande mmoja tu, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari usiku huo huo, kwa sababu asubuhi farasi atakimbizwa mbele ya waamuzi na daktari, na akichechemea haruhusiwi kuendelea. Saisi aliyechoka huupitisha mkono bila kuhisi kitu. Kwa maoni yangu, mwajiri anayemwachia mtu mmoja farasi wengi mno anajiibia mwenyewe.

Mashindano makubwa hufuata kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi lililoundwa mwaka 1921, na kanuni hizo zinamgusa saisi pia. Kafeini hairuhusiwi mwilini mwa farasi anayeshindana, kwa hiyo kahawa yako inywe mbali na ndoo zake. Dawa unazomeza wewe zinaweza kumfikia kupitia mikono au mkojo wako. Nakusihi, hata chooni kukiwa mbali, usijisaidie bandani.

Kabla ya kusaini mkataba, waulize, na majibu wakupe kwa maandishi, utahudumia farasi wangapi siku ya mashindano, utalala wapi, nani atalipia chakula chako huko, na siku za mapumziko utafidiwa lini. Kulala kwenye lori kando ya tandiko ni jambo la kawaida, lakini kusiwe ndiyo mapumziko yako ya wiki nzima. Viatu vya mpira usinunue huko. Mama yako atapita soko la Mlango Mmoja Jumamosi, tutumie namba ya kiatu chako.

Baba yako