Kona ya Kutulia Si Mahali pa Adhabu

Mwalimu mwenzangu unayeanza kazi, ukitaka kutenga kona ya kutulia darasani, yaani pembe ambapo mtoto aliyepandwa na hasira hukaa kidogo mpaka atulie, usianze kwa kutafuta mito na picha. Anza kwa kuamua kwamba hakuna mtoto atakayepelekwa pale kwa kuadhibiwa. Mimi nilianza na mito. Siku ya tatu, mtoto wa miaka saba alichana daftari la mwenzake, nami nikamnyooshea kidole na kumwamuru aende kwenye kona mpaka atakapopata adabu. Darasa zima liligeuka kumtazama. Kwa majuma kadhaa hakuna aliyekubali kukaa pale, kwa sababu wote walikwisha kujua kuwa ni mahali pa aibu, na aliyewafundisha hivyo ni mimi.

Mtoto aliyepandwa na hasira hafundishiki wakati huohuo. Moyo wake unakwenda mbio, pumzi ni fupi, na sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo humsaidia mtu kujizuia na kupima matokeo ya anachotaka kutenda, kwake bado ni changa, kwani huendelea kukomaa hata baada ya umri wa miaka 20. Ndiyo maana matumizi ya kona hufundishwa siku ambayo darasa limetulia, na kurudiwa mara nyingi kama tunavyorudia kupanga mstari. Mimi huwafundisha kupumua kwa kufuata vidole: mtoto hukunjua kiganja kimoja, na kwa kidole cha shahada cha mkono wa pili hupanda ubavuni mwa kila kidole akivuta pumzi, kisha hushuka akiitoa taratibu. Sisitiza kutoa pumzi, maana pumzi inayotoka polepole ndiyo inayopunguza mapigo ya moyo.

Chagua pembe iliyo mbali na mlango lakini unayoiona ukiwa ubaoni. Kumweka mtoto nyuma ya kabati ni kumtenga, tena si salama. Vifaa vichache vinatosha: mkeka, mto, karatasi na kalamu za rangi, picha za nyuso zenye hisia mbalimbali kwa asiyepata maneno, na saa ya mchanga ya dakika 3 au 5. Hiyo ya mwisho naithamini kuliko vyote, kwa kuwa mtoto huuona muda ukipita bila kuhimizwa na mtu. Ukiisha kabla hajatulia, aipindue tena.

Utaambiwa kwamba watoto wataitumia kona kukwepa masomo. Siku za mwanzo kila mmoja atataka kuijaribu, na hilo hupita. Lakini anayekimbilia pale kila kipindi cha hesabu anakueleza jambo, na ni wajibu wako kulichunguza kwenye daftari lake la hesabu.

Kilichoiokoa kona yangu ni kwamba siku moja, baada ya mapumziko yenye kelele nyingi, niliwaambia wanafunzi kuwa mwalimu naye anahitaji kutulia, nikakaa pale mkekani, nikafuata vidole vyangu mbele yao. Wiki ileile, yule mtoto aliyechana daftari alisukumana na mwenzake yuleyule, akaenda kwenye kona bila kutumwa, akapindua saa ya mchanga na kuitazama mpaka chembe ya mwisho iliposhuka. Sikumhoji mbele ya wengine. Wakati wa mapumziko nilikaa nao wote wawili, akaomba radhi kwa maneno yake mwenyewe, kisha akaleta gundi, wakaanza kuziunganisha kurasa za daftari alilolichana siku ile.