Je, umati uliwanyonga Weusi wa Marekani kwa sababu mahakama zilikuwa dhaifu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimeona video inayodai kwamba Weusi waliouawa na umati kusini mwa Marekani baada ya utumwa wengi wao walikuwa wabakaji, na kwamba watu walijichukulia sheria mkononi kwa sababu mahakama zilikuwa mbali. Je, kuna ukweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Hakuna. Na hilo la mahakama ndilo linalonichosha zaidi, maana kila muhula kuna mwanafunzi anayeniletea.

Tazama Waco, Texas, Mei 1916. Jesse Washington, kijana wa miaka 17, alikuwa ndani ya chumba cha mahakama. Jopo la wazungu lilikuwa limeshamtia hatiani, tena kwa dakika chache tu, na adhabu ilikuwa kifo. Hapo hapo umati ukamkokota nje, ukamchoma moto mbele ya ofisi za jiji huku maelfu wakitazama. Mpiga picha alikuwepo, na picha zake zikauzwa kama kadi za posta. Hakuna aliyeshtakiwa. Sasa mahakama ilikuwa mbali na nani?

Kuhusu ubakaji, Ida B. Wells, mwandishi wa habari Mweusi, alilijibu zamani. Mwaka 1892 mjini Memphis, rafiki yake Thomas Moss na wenzake wawili walitolewa jela usiku wakapigwa risasi. Chanzo kilikuwa duka lao la vyakula, lililokuwa likimpunguzia wateja mzungu mwenye duka jirani. Wells akaanza kuchambua mauaji ya namna hiyo, akitumia taarifa za magazeti ya wazungu wenyewe, akakuta ubakaji umetajwa katika takriban theluthi moja tu. Umetajwa, haukuthibitishwa. Kwa kukipinga kisingizio hicho cha ubakaji gazetini, ofisi ya gazeti lake ilivunjwa mwaka huo huo.

Watengeneza video hawa huokota kichwa cha habari cha enzi hizo wakakisoma kana kwamba ni jalada la kesi. Msiwafuate. Gazeti la mji lilikuwa mara nyingi sehemu ya umati: lilichochea kabla, likahalalisha baada. Mei 31, 1921, mjini Tulsa, Oklahoma, gazeti la Tulsa Tribune liliandika kwamba kijana Mweusi, Dick Rowland, amemshambulia msichana wa kizungu ndani ya lifti. Kufikia kesho yake mchana, mtaa wa Weusi wa Greenwood ulikuwa umeteketea, nyumba zaidi ya 1,000. Mashtaka dhidi ya Rowland yalifutwa baadaye.